Konstrakta na Urithi wa Klasi: Kielelezo cha Nomino za Kikuria

Wakuria wa Tarime na wa sehemu ya kaskazini ya Serengeti huiita lugha yao Igikuria. Katika Kiswahili lugha hiyo huitwa Kikuria. Tofauti ya majina haya mawili yaonekana ndogo, lakini ndani yake mna kanuni tatu za fonolojia na mofolojia. Mwanafunzi wa isimu anayejaribu kuandika programu ya kompyuta ya kuunda nomino za lugha za Mara atakwama papo hapo, katika neno hilo moja, asipofahamu namna konstrakta inavyofanya kazi pale klasi moja inaporithi nyingine. Mhadhara huu unahusu kukwama huko na sababu zake.

Yafaa kuanza na istilahi. Katika lugha za programu zinazojengwa juu ya vitu, klasi ni maelezo ya namna vitu vya aina fulani vilivyo: vina nyuga gani, yaani nafasi za kuhifadhia thamani, na vinaweza kufanya kazi gani. Neno klasi limeachwa hivyo makusudi, kwa kuwa ngeli tayari ina maana yake katika isimu na kuchanganya hizo mbili kungeleta utata usio na faida. Klasi yenyewe si kitu, kama vile ramani ya nyumba isivyo nyumba. Ili kitu kipatikane lazima kiundwe, na amri zinazotekelezwa wakati wa kukiunda, mara moja tu katika uhai wa kitu hicho, ndizo huitwa konstrakta. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kitu kinapoanza kutumika nyuga zake zote zimekwisha kujazwa ipasavyo.

Klasi inaweza kurithi klasi nyingine. Mtoto hupata nyuga na mbinu za mzazi, akaongeza zake, na akaruhusiwa kubadili mbinu alizorithi. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Hudhani kwamba konstrakta nayo hurithiwa kama mbinu nyingine yoyote. Katika Java na lugha nyingi za jamii yake haiwi hivyo. Konstrakta ya mzazi inajua kuunda sehemu ya mzazi tu. Haiwezi kujua mtoto ameongeza nini. Kwa hiyo mtoto huandika yake, na ndani yake humwita mzazi aunde kwanza sehemu iliyo ya mzazi. Katika Java wito huo huandikwa kwa neno "super". Usipoandikwa, mashine huuweka yenyewe, mradi mzazi awe na konstrakta isiyodai taarifa yoyote. Mzazi akidai taarifa na mtoto asiitoe, programu haikubaliki hata kabla ya kuendeshwa. Python hufuata desturi nyingine: mtoto asiyeandika konstrakta hutumia ya mzazi, lakini akiandika yake na kusahau kumwita mzazi, hakuna wa kumkumbusha, na sehemu ya mzazi hubaki tupu.

Utaratibu huu wa mzazi kutangulia una historia inayopasa kumpendeza mwanaisimu wa Kibantu. Ulianza Oslo, katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Mabingwa hao hawakutumia neno urithi. Walisema klasi moja hutanguliwa na nyingine kama kiambishi awali, na jina la klasi mzazi liliandikwa kwa kweli mbele ya tangazo la klasi mtoto. Kitu kilipoundwa, amri za kiambishi hicho zilitekelezwa kwanza, ndipo zikafuata za mtoto. Bjarne Stroustrup aliichukua dhana hiyo alipoanza mwaka 1979 kuunda lugha iliyokuja kuitwa C++, na Java ya mwaka 1995 ikaipokea. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili walifariki mwaka 2002. Dahl huyo, isidhaniwe vingine, si yule ambaye jina lake limo katika Kanuni ya Dahl. Huyo wa pili alikuwa Edmund Dahl, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Unyamwezi, na kwa sadfa njema kanuni yake ndiyo inayofuata.

Katika Kiswahili kiambishi cha ngeli ya 7 ni ki-, nacho hugeuka kuwa ch- mbele ya mizizi kadhaa inayoanza kwa irabu. Kikuria kina mambo zaidi. Kwanza, kiambishi hutanguliwa na irabu nyingine, kama ilivyo katika Abakuria, ambamo a- huitangulia -ba-. Pili, irabu za kiambishi, ambazo kwa kawaida ni e, hupanda na kuwa i iwapo mzizi una irabu ya juu katika silabi inayofuata. Tatu, k ya kiambishi huwa g iwapo silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti sighuna, na hiyo ndiyo Kanuni ya Dahl. Mbele ya mzizi unaoanza kwa konsonanti, basi, kiambishi kimoja chaweza kuwa na sura nne: eke-, ege-, iki- na igi-. Mzizi -kuria una u, na unaanza kwa k, hivyo hupatikana Igikuria. Majirani wa Wakuria upande wa Kenya huiita lugha yao Ekegusii. Kwao k imebaki, maana g inayofuata ni ghuna, na e nazo zimebaki ijapokuwa u ipo, kwa kuwa lugha yao haina upandaji huo.

Sasa na ichukuliwe klasi iitwayo Nomino, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na Kiswahili peke yake akilini. Konstrakta yake hupokea mzizi, huita mbinu ya kuunda kiambishi, kisha huhifadhi umbo zima la neno. Kwa Kiswahili haina dosari. Mwanafunzi anaongeza klasi mtoto, NominoYaKikuria, anaibadili mbinu ya kiambishi ili ifuate kanuni tatu zilizotajwa, na majedwali ya kanuni hizo anayajaza katika konstrakta ya mtoto. Kila sehemu ikisomwa peke yake ni sahihi.

Programu inapoendeshwa, mzazi hutangulia. Katika Java, mzazi anapoita mbinu ya kiambishi, inayoitikia ni ile ya mtoto, kwa sababu kitu kinachoundwa ni cha mtoto. Lakini konstrakta ya mtoto haijafika zamu yake, na majedwali bado ni matupu. Programu huanguka hapo hapo. Katika C++ matokeo ni mengine. Wakati konstrakta ya mzazi inafanya kazi, kitu huhesabiwa bado kuwa cha mzazi, kwa hiyo mbinu inayoitikia ni ya mzazi. Hakuna kinachoanguka. Neno linaandikwa Kikuria, bila irabu tangulizi, na Kanuni ya Dahl haijagusa chochote. Kosa la Java linaudhi lakini linaonekana siku ile ile. La C++ laweza kuingia katika kamusi likachapishwa, maana linalotokea ni neno zuri la Kiswahili mahali palipotakiwa neno la Kikuria, na mhariri asiyetoka Tarime hataona ubaya wake.

Dawa ya kwanza inajulikana kwa waandishi wazoefu: konstrakta isiite mbinu ambayo mtoto anaruhusiwa kuibadili. Ijaze nyuga na kukoma, na umbo la neno litafutwe baadaye linapoulizwa, kitu kikiwa kimekamilika. Katika Java pamefunguka pia njia ya pili. Kwa muda mrefu wito wa mzazi ulilazimika kuwa amri ya kwanza kabisa katika konstrakta ya mtoto. Tangu toleo la 25, lililotolewa mwaka 2025, mtoto anaweza kujaza nyuga zake kabla ya kumwita mzazi. Njia hii ina manufaa, ila humwachia mzazi tabia yake mbaya.

Dawa iliyo bora ni ya kiisimu. Kosa la asili halikuwa katika konstrakta bali katika nasaba. Kiswahili, ambacho Malcolm Guthrie alikipa alama G42, si mzazi wa Kikuria, chenye alama E43. Ni ndugu, tena wa mbali. Kukifanya Kikuria mtoto wa klasi ya Kiswahili ni kukirithisha irabu tano wakati kina saba, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho wakati kina toni. Toni hiyo ya juu katika vitenzi huanza kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina kwa kutegemea njeo, na kiambishi cha mtendwa kikiwapo huingia katika hesabu. Mtoto atatumia nusu ya programu yake kufuta alichorithishwa.

Inayofaa ni klasi mzazi isiyo ya lugha yoyote, NominoYaKibantu, ambayo konstrakta yake hudai taarifa na haina thamani ya kukisia: orodha ya irabu, toni ipo au haipo, irabu tangulizi ipo au haipo, kanuni za kubadili kiambishi. Kiswahili kiwe mtoto mmojawapo, sawa na Kikuria, na sawa na Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye zinazozungumzwa Serengeti. Siku mtafiti wa Mugumu atakapotaka kuongeza Kiikoma na kuacha kutaja irabu zake, mashine itamkatalia, wala haitajaza nafasi hiyo kwa a, e, i, o, u.