Springi za nyuma tulibadilisha wenyewe, lakini jeki nusura itutie kilio

Wenzetu, leo hatuzungumzii ada ya kutuma pesa. Tunazungumzia pesa zinazoishia gereji kabla hazijafika nyumbani.

Sisi tuko watatu hapa Mississauga: wawili tuko kwenye ujenzi, mmoja anatunza wazee majumbani. Gari ni moja, Honda Fit ya 2009. Mwezi wa tatu ikalala upande mmoja nyuma. Kuchungulia, springi imekatika. Ni ile chumvi ya barabarani msimu wa theluji: rangi ikibanduka, kutu inakula chuma, mashimo yanamalizia.

Gereji walitaka dola 600, na HST ya 13% ikawa 678. Springi mbili dukani, pamoja na kodi, 180.80. Stendi za jeki na dawa ya kulegeza kutu, 70. Zilizobaki, 427.20, zikaenda karo.

Sasa sikilizeni kosa letu. Jioni ya kwanza hatukuwa na stendi. Tulitumia jeki ya gari peke yake, kwenye lami iliyopasuka. Ikateleza, gari ikashuka kwa kishindo. Mwenzetu alikuwa ametoka chini dakika ile ile kufuata spana. Stendi tulinunua kesho yake.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Sehemu tambarare, gia kwenye P, kabari kwenye tairi za mbele. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua.
2. Inua, weka stendi mbili pale kitabu cha gari kinapoonyesha, kisha toa tairi.
3. Hamishia jeki chini ya ekseli. Fungua boliti za chini za shokapu zote mbili.
4. Shusha jeki polepole, ukiangalia mpira wa breki na waya wa ABS visivutwe. Springi italegea, itoe.
5. Ingiza mpya na raba zake, ncha ikae kwenye kikalio chake. Inua ekseli, rudisha boliti.
6. Zikaze mwisho uzito ukiwa juu ya tairi, kwa kipimo cha kitabu. Baada ya kilomita 100, kaza tena nati za tairi.

Badilisha zote mbili, usibadilishe moja.

Ila angalia: kama springi imefungwa pamoja na shokapu, usiiguse. Imebanwa kwa nguvu, ikifyatuka inaua. Hiyo mpelekee fundi. Na kama umepanga, soma mkataba au muulize mwenye nyumba. Wengi hawaruhusu matengenezo kwenye maegesho.

Usiseme pia "itavumilia." Siku ukiuza gari urudi nyumbani, mnunuzi atahitaji cheti cha usalama cha Ontario ili aiwekee namba aiendeshe, na springi iliyokatika haipiti.

Kuokoa dola ni kuzuri. Lakini nyumbani wanakungoja wewe kwanza, pesa baadaye.