Vita vya Kagera bado vinawaamsha wazee wetu usiku

Mama mmoja kutoka milimani huko Same alinijia na lalamiko ambalo wake wengi wa wazee wanalo. "Daktari, huyu baba yenu ana masikio ya kuchagua," alisema. Mwenyekiti wa kitongoji akiita kutoka barabarani, mzee anaitika. Mjukuu wa darasa la tatu akimsemesha wakiwa wamekaa benchi moja, hageuki. Na mke akiomba hela ya sukari, hapo ndiyo kabisa.

Mzee alikuwa amekaa pembeni, fimbo katikati ya magoti, akitazama bango la chanjo ukutani. Nilimwamkia shikamoo, akanyamaza. Mimi ni mwanamke na sauti yangu ni nyembamba. Nikasogea mbele yake ili auone mdomo wangu, nikarudia polepole kwa sauti nzito ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Uziwi wa namna hii una sura yake. Ndani ya sikio kuna kifuko kama konokono, na ndani yake vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe kwa ubongo. Kelele kubwa huviua, na vikishafa havioti tena. Vya kwanza kuharibika mara nyingi ni vile vinavyopokea sauti nyembamba: sauti za watoto na wanawake, na herufi kama "s", "f" na "t". Kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno yanamfikia yakiwa na matundu. Sauti nzito ya mwenyekiti inapita vizuri. Mjukuu anapotea. Hapo hakuna kuchagua.

Nikamuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya. Hapana. Kiwanda cha mkonge? Hapana.

"Nilikuwa mgambo," akasema. "Nilikwenda Kagera."

Vijana wanaosoma safu hii huenda wanaijua vita hiyo kwa gwaride la Siku ya Mashujaa tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, likapanuliwa kwa miezi michache hadi kuzidi 100,000 kwa kuchukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Wengi walikuwa wakulima. Mzee wetu alikuwa na miaka 22 na shamba la kahawa la baba yake. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na mapigano yakamalizikia mpakani mwa Sudan mwanzoni mwa Juni.

Silaha iliyovuma kuliko zote ilikuwa mtambo wa makombora wa BM-21. Una mirija 40, na unaweza kuyatoa makombora yote kwa takriban sekunde 20. Wataalamu wanasema mtu akikaa saa nane kwenye kelele ya desibeli 85, sikio linaanza kuwa hatarini. Mlipuko wa mzinga unapita desibeli 140, na hapo madhara yanaweza kutokea kwa mara moja tu. Nilimuuliza mzee kama walipewa vizibo vya masikio. Alicheka mpaka akakohoa.

Ningeweza kuishia hapo, nimwandikie rufaa kwa daktari wa masikio, tuagane. Lakini mama alikuwa na jambo la pili, na hilo alilisema akiangalia sakafu. Wanalala vyumba tofauti. Usiku mmoja wa mvua za vuli, radi ilipopiga juu ya bati, mzee alimkaba shingo akiwa usingizini. Alipozinduka alilia, akatoka nje, akakaa kwenye mvua mpaka alfajiri. Haikuwa mara ya kwanza kupiga kelele usiku, ila ilikuwa mara ya kwanza kumshika mtu. Walishaombewa kanisani. Shangazi mmoja alipendekeza mganga. Watoto wao wa kiume, waliokuja kutoka Dar es Salaam na Moshi, walikaa kikao wakaamua baba asilale tena nyumba moja na wajukuu. Yeye hakuelezwa. Aliona tu magodoro ya watoto yanabebwa kwenda kwa jirani.

Aliniruhusu kuandika haya bila jina lake. "Wenzangu wapo," alisema, "na wake zao wanalala vyumba tofauti."

Habari yenyewe aliitoa siku ya tatu kuonana, mama akiwa amekwenda dirisha la dawa. Machi 1979 alikuwa Lukaya, katika Brigedi ya 201. Brigedi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mgambo ambao hawajawahi kuonja vita. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na barabara inapita katikati ya kinamasi. Jioni ya Machi 10, askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao bila kumgusa mtu, lakini mshindo ulitosha. Wengi walivunja safu wakakimbia. Usiku huo Brigedi ya 208 ilizunguka mbali, na alfajiri ikawapiga adui kwa nyuma, huku 201 waliojikusanya tena wakishambulia kwa mbele. Mji ukachukuliwa. Waandishi wengi wa vita hiyo wanaona hapo ndipo mizani ilipoinama.

Katika historia ule ni ushindi. Kwa mzee ni usiku aliokimbia. Alikuwa amelala ubavu kwa ubavu na kijana waliyefundishwa naye, na makombora yalipoanza alinyanyuka akaingia kwenye mafunjo, maji yakamfika kifuani. Alisikia akiitwa nyuma yake. Hakurudi. Asubuhi alirudi na wengine kupigana, lakini yule rafiki hakumwona tena, wala hajui mpaka leo kama alikufa au alihamishiwa kikosi kingine. "Nilipewa hongera na kijiji kizima," alisema. "Walichinja mbuzi."

Ugonjwa huu una majina mengi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari waliotikiswa na mabomu, wakidhani kwamba mshindo wenyewe ndio uliovuruga mishipa. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walipigana hapa hapa, kando ya reli chini ya milima ya Pare, na sijui nani aliwauliza wapagazi wetu walilalaje baadaye. Jina linalotumika sasa hospitalini, la kifupi cha Kiingereza PTSD, liliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mgambo wetu walikuwa wamesharudi nyumbani mwaka mmoja kabla, wakati maduka hayana sabuni wala sukari na taifa limeambiwa lifunge mkanda miezi 18. Nani angekuwa na nafasi ya kuuliza habari za ndoto?

Dalili zake ni hizi: tukio linarudi kama ndoto au kama linatokea sasa hivi, mtu anakwepa chochote kinachomkumbusha, anashtuka kupita kiasi, analala vibaya, hasira ziko karibu, na anajitenga, anajilaumu, hafurahii kitu. Mzee wetu alikuwa nazo karibu zote. Hapitii njia ya chini penye matete. Fataki za mwaka mpya anazisikilizia chini ya kitanda.

Kwa nini sasa, baada ya miaka zaidi ya arobaini? Mama aliniuliza hivyo hivyo. Jibu lilikuwa kwenye kazi yake. Kwa miaka mingi mzee alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la asili la Wapare linalokusanya maji usiku ili alfajiri yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Asiyelala hupendwa kwenye kazi hiyo. Alizunguka usiku na tochi, alfajiri alifungua maji, mchana alipalilia tangawizi, akachoka, akalala kidogo. Magoti yalipokataa, funguo zikakabidhiwa kijana, na usiku ukabaki mtupu. Hili linajulikana kwa askari wastaafu duniani: kazi zikiisha, rafiki wakifa, ubongo ukianza kuzeeka, kumbukumbu zilizozuiliwa kwa shughuli zinapata njia. Na uziwi unaongeza. Asiyesikia mazungumzo ya nyumbani anabaki peke yake na mawazo yake, na utafiti umeonyesha pia kwamba kupungua kwa usikivu kunaambatana na hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Wengi hujitibu kwa dengelua. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humwamsha katikati ya usiku na ndoto kali zaidi. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa bila cheti ni vibaya kwa mzee: vinamlevya, anaanguka, nyonga inavunjika, na kuviacha ghafla kuna hatari yake.

Tiba ipo, na umri hauizuii. Ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu aliyefundishwa, ambapo mgonjwa hulisimulia tukio kidogo kidogo kwa mpangilio mpaka lipungue makali, na hulichunguza lile jambo analojilaumia. Kuna pia dawa za jamii ya zile za kutibu sonona, kama sertraline, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazinyweshwi siku ya ndoto tu. Anzia hospitali ya wilaya. Kutoka hapo rufaa ya Kilimanjaro ni Mawenzi au KCMC, Moshi, ambako pia kuna madaktari wa masikio. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee na afisa ustawi wa jamii. Kama ana kipande cha chuma cha bomu mwilini, asemeni kabla ya kipimo cha MRI. Sumaku ya mashine ile inaweza kukisogeza.

Nyumbani, mzee akipiga kelele usingizini, usimtikise wala usimwinamie. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina lake kwa sauti tulivu, mwambie yuko wapi. Ukiongea naye mchana, kaa mbele yake penye mwanga, punguza redio, na usipige kelele. Sauti ikipandishwa inakuwa nyembamba zaidi. Akisema amechoka kuishi, usimkatishe kwa "usiseme hivyo baba". Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za kuulia wadudu shambani zifungiwe.

Mzee wetu alikubali kwenda Moshi kwa masharti ya kupita kwanza kwa mwanawe wa hapo, amweleze mwenyewe kwa mdomo wake kilichompata Lukaya. Alifanya hivyo. Kijana alinipigia simu usiku, akauliza maswali ya dozi, kisha akakaa kimya muda mrefu kabla ya kukata.

Kifaa cha sikio amepata kimoja, la kulia. Analalamika kwamba kuku wana kelele kuliko alivyokumbuka. Ndoto zimepungua, hazijaisha. Alihesabu tatu mwezi uliopita. Mama bado analala chumba cha pili, ila mlango wanauacha wazi. Wajukuu wanarudi likizo ya Desemba, na familia haijaamua watalala wapi.