Manowari Ndogo za Mtongwe

Msafiri avukaye kwa feri kutoka kisiwani Mombasa kwenda Likoni huwa na Mtongwe upande wake wa kulia. Huko ndiko makao ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa tarehe 12 Desemba, 1964. Wengi hudhani kwamba manowari haina budi kuwa kubwa kama jabali, lakini zilizopata sifa Mtongwe ni ndogo.

Mamba iliundwa Uingereza mwaka 1974, kisha zikafuata Madaraka, Jamhuri na Harambee. Nyayo na Umoja zilikamilika mwaka 1987: urefu wa futi 186 hivi, na mwendo wa maili 40 za bahari kwa saa, yaani mbio za lori tupu katika barabara nzuri. Zilipewa mzinga wa milimita 76 na makombora yajiongozayo, ambayo moja tu laweza kuharibu meli iliyo kubwa mara nyingi kuliko yenyewe. Lakini ubavu wake ni mwembamba. Salama yake ni kupiga na kuondoka upesi.

Hila hiyo ni ya zamani. Tarehe 26 Desemba, 1915, katika Ziwa Tanganyika, motaboti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou (majina ya ajabu kwa vyombo vya vita!), ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, nazo motaboti zikaijia kwa nyuma.

Kenya iliingia vitani Somalia mwezi Oktoba, 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba, 2012, askari wake walishushwa kutoka baharini karibu na Kismayu, na baada ya muda mfupi Al-Shabaab wakauacha mji. Adui hakuwa na manowari hata moja. Nyayo na Umoja zenyewe zilikuwa zimekwisha kuondolewa makombora zilipotengenezwa upya Italia.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ni kumtambua adui, kwa kuwa mashua yake hufanana na ya mvuvi, na gizani nani atajua? Kwa sababu hiyo wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Nao usiku ndio wakati wao wa kupata samaki wengi. Wengine wakaziacha nyavu zao.