Kipimo cha Damu Hakitoshi Kando ya Barabara ya TANZAM

Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia wahudumu wa baa 600 katika vijiji na miji midogo 17 ya Mkoa wa Mbeya. Asilimia 68 ya wanawake hao walikutwa na VVU. Asilimia 87 walikuwa wameshaambukizwa virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambayo vidonda vyake huvifungulia VVU mlango.

Kazi hiyo iliwakutanisha madaktari wa Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, pamoja na wataalamu wa tiba ya nchi za joto kutoka London. Kila baada ya miezi 3 wanawake walirudi kupimwa, kutibiwa magonjwa ya zinaa na kupewa ushauri. Katika miaka michache kisonono kilishuka kutoka asilimia 22 hadi chini ya 7. Maambukizi mapya ya VVU nayo yalipungua: mwanzoni, kwa kila wanawake 100 waliofuatiliwa mwaka mzima, karibu 14 waliambukizwa, mwishoni, 5.

Ni mafanikio. Lakini mtu wa takwimu hakosi swali la kuudhi: walioacha kuja walikwenda wapi? Mhudumu wa baa huhama. Leo yuko Tunduma, mwezi ujao Makambako, miji ya barabara hii ya TANZAM iendayo Zambia. Ikiwa waliobaki ndio waliokuwa na maisha yenye utulivu, maambukizi yangeonekana kushuka hata bila huduma yoyote, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Maabara haiwezi kulijibu swali hilo. Anayeweza ni yule anayejua kwa nini mwanamke huacha baa moja akaenda nyingine, nani humfukuza, na hulala wapi akikosa kazi.

Mkoani Iringa, kando ya barabara hiyo hiyo, watafiti walianza na maswali kama hayo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Johns Hopkins cha Marekani vilianzisha mradi wa Shikamana katika miji ya Ilula na Mafinga. Madaktari wa magonjwa ya akili walikaa meza moja na watafiti wa jamii, na wanawake wanaofanya biashara ya ngono walishiriki kuuendesha mpango wenyewe. Waliandikishwa 496; kwa kila 100, 41 walikuwa tayari na VVU. Mji mmoja ukapewa mpango, mwingine ukabaki na huduma za kawaida.

Waelimishaji rika walipita baa kwa baa na kuwasindikiza wenzao kliniki. Wanawake walipata kituo chao cha kukutania, na ujumbe wa simu uliwahimiza wasiache dawa. Mimi navutiwa zaidi na jambo jingine: mafunzo kwa wahudumu wa afya na kwa polisi. Polisi wanaingiaje kwenye utafiti wa virusi? Mwanamke anayeogopa kukamatwa haweki kondomu mkobani, na aliyesimangwa mbele ya foleni ya dawa harudi. Hayo hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa, na tabibu aliye peke yake huenda asiyaulize kamwe.

Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa hawana VVU mwanzoni, asilimia 5.0 waliambukizwa katika mji wenye mpango. Katika mji wa pili walikuwa asilimia 10.4.

Tusiharakishe kupiga vigelegele, maana miji ni miwili tu. Ilula inajulikana kwa nyanya na vitunguu, Mafinga kwa mbao. Wateja wanaolala huko si wale wale, wala fedha zao haziji msimu mmoja. Siwezi kuapa kwamba tofauti yote imeletwa na mpango, ingawa naamini sehemu kubwa ni yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliikuta Iringa na maambukizi ya asilimia 11.3 na Mbeya 9.3, wakati taifa lilikuwa karibu asilimia 5. Mikoa hii sasa ina vyuo vyake. Mbeya kuna chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa pamoja na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Wakuu wa vyuo hivyo, andikeni ombi la pamoja la fedha za utafiti, na kwenye bajeti muwaweke wanawake wa baa katika fungu la watafiti wanaolipwa.