Mwanaume akivaa mchuchumio kwa hisani, nini kinatokea mguuni?

Mwanaume akikatiza sokoni Bukoba amevaa viatu vya mchuchumio, cha kwanza atakachokipata ni kicheko. Bodaboda watapiga honi, kina mama wanaouza ndizi watashika midomo na watoto watamfuata nyuma. Katika baadhi ya nchi kicheko hicho ndicho kinachotafutwa. Watu wakishasimama kutazama, mtembeaji anapata nafasi ya kuwaeleza jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia, yaani ukatili wa kijinsia, kisha anawaomba mchango.

Kampeni inayojulikana zaidi kwa mtindo huu inaitwa Walk a Mile in Her Shoes, maana yake tembea maili moja ndani ya viatu vya mwanamke. Ilianzishwa California, Marekani, mwaka 2001 na Frank Baird akiwa na kikundi kidogo cha wanaume. Maili moja ni kama kilomita 1.6. Tangu hapo wanaume wa miji mingi, wakiwamo polisi, wanafunzi wa vyuo na wanajeshi, wameingia barabarani na visigino virefu kuchangisha fedha kwa ajili ya vituo vinavyohudumia waliobakwa au kupigwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya maili moja. Mwaka 2015, mwanamke Mmarekani Irene Sewell alimaliza marathoni nzima, kilomita 42, mjini Chattanooga akiwa na visigino vya sentimita 7. Alitumia zaidi ya saa 7.

Kwetu Tanzania matembezi yenye ujumbe si mageni. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi ya kuunga mkono Azimio hilo, na hilo linatukumbusha kwamba safari ndefu ya miguu si mchezo. Tangu mwaka 2002 wapanda mlima wa Kili Challenge wamekuwa wakichangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Mchuchumio peke yake ndio bado kioja.

Sasa tuseme kikundi cha wanaume wa Kagera kinataka kujaribu: watoke Bukoba, wapande Rwamishenye, wapite Kemondo na kuelekea Muleba wakiwa na visigino virefu. Daktari ana maswali mawili ya kuwauliza. Miguu yenu imejiandaa? Na fedha mtakazopata zitamfikia nani, kwa haraka gani?

Kiatu kisichotengenezwa kwa safari

Wengi watashangaa kusikia kwamba kisigino kirefu kilianza kuvaliwa na wanaume. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu ukae imara kwenye kikanyagio cha tandiko wanapopiga mishale. Katika karne ya 17 wanaume wa tabaka la juu Ulaya walikiiga, na mfalme Louis XIV wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Baadaye wanaume wakakiacha na wanawake wakabaki nacho.

Ukiangalia historia hiyo, kiatu hiki kilitumika kwa kupanda farasi, kisha kwa kuonyesha hadhi. Kwa kutembea umbali mrefu hakikukusudiwa hata mara moja.

Mguu mmoja, kuanzia kifundo hadi vidole, una mifupa 26. Ukiwa umesimama peku, uzito wa mwili unagawanyika kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya unyayo. Kisigino kikiinuliwa, uzito unasukumwa mbele. Katika vipimo vinavyotajwa sana na wataalamu wa miguu, kisigino cha sentimita 2.5 kiliongeza mgandamizo wa mbele ya unyayo kwa asilimia 22. Kwa sentimita 5 ongezeko lilikuwa asilimia 57, na kwa sentimita 7.5 lilifika asilimia 76. Mzigo wote huo unaangukia eneo dogo nyuma ya vidole, ambavyo navyo vimebanwa kwenye ncha nyembamba ya kiatu.

Goti nalo linalipa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wanawake 20 nchini Marekani. Walipovaa visigino virefu, mzigo wa upande wa ndani wa goti uliongezeka kwa takriban asilimia 23 kuliko walipotembea peku. Upande huo wa ndani ndio ambao mara nyingi husagika mapema mtu anapofikia uzee.

Misuli ya kigimbi pia hubadilika. Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walichunguza wanawake waliozoea kuvaa visigino vya sentimita 5 au zaidi, karibu kila siku kwa miaka isiyopungua miwili. Waligundua kuwa nyuzi za misuli ya kigimbi zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 13 zikilinganishwa na za wanawake wanaovaa viatu vya chini, na kano inayounganisha kigimbi na kisigino ilikuwa nene na ngumu zaidi. Ndiyo maana mama aliyezoea mchuchumio hulalamika kigimbi kinavuta anapovaa kandambili.

Mwanaume asiyewahi kuvaa kiatu hicho anaingia barabarani bila mazoea hayo. Misuli yake haijui kushikilia kifundo kikiwa juu. Kila hatua kifundo kinayumba, na kikipinduka kwa ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kukatika. Huko ndiko kuteguka. Tena wanaume wengi wana uzito mkubwa, na uzito huo wote unakaa juu ya kisigino chenye upana wa sarafu.

Fanya hesabu. Mtu mzima hupiga hatua kama 1,300 hadi 1,500 kwa kilomita. Maili moja ni hatua kama 2,000 au zaidi kidogo. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni zaidi ya kilomita 60, yaani takriban hatua 80,000. Maili moja itamwachia malengelenge na kigimbi kinachouma siku mbili tatu. Kilomita 60 mfululizo kwa mchuchumio mwembamba ni kujitafutia kitanda cha hospitali.

Kwa anayetaka kujaribu

Kwanza, punguza umbali. Maili moja hadi mbili, ndani ya mji, kwenye lami tambarare, zinatosha kufikisha ujumbe. Kama lazima safari iwe ndefu, igaweni kwa siku kadhaa, watu wapokezane, na mchuchumio uvaliwe kwenye vituo vya watu tu. Kwenye milima na miteremko vaeni raba. Mteremko ni mbaya kuliko mlima, kwa sababu vidole vinasukumwa mbele zaidi.

Pili, chagua kisigino kipana kisichozidi sentimita 5, na kiatu chenye mkanda wa kushika kifundo. Kiatu kiwe saizi yako kamili. Cha kuazima kwa mke au dada kitakuumiza kabla hujafika kona ya kwanza.

Tatu, anza mazoezi wiki nne au sita kabla. Vaa ndani ya nyumba dakika 10, kisha 20. Simama kwa mguu mmoja kila siku kuimarisha kifundo. Nyoosha kigimbi kabla na baada ya mazoezi.

Nne, asiende mwenye kisukari, hasa anayehisi ganzi miguuni. Huyo anaweza kupata kidonda asikisikie, na kidonda kidogo cha kisukari kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Asiende pia mwenye goti au mgongo unaosumbua, wala aliyewahi kuteguka mara kwa mara.

Tano, usimeze dawa za maumivu ili uendelee kutembea. Maumivu ni taarifa. Ukizima taarifa, mguu unaendelea kuharibika bila wewe kujua.

Akiteguka mtu, aketi, avue kiatu, mguu uinuliwe juu ya kiti. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha funga bandeji ya kuvutika. Msikande kwa maji ya moto wala kuchua siku mbili za mwanzo, maana uvimbe utaongezeka. Akishindwa kupiga hatua nne, au akiumia sana mkibonyeza mfupa wa upande wa kifundo, apelekwe hospitali apigwe eksirei.

Mwisho, toeni taarifa polisi mapema. Barabara ya Muleba ina malori na mabasi ya mwendo mkali, na mtu aliyevaa mchuchumio hawezi kuruka pembeni kwa haraka.

Wanawake wanaosoma hapa, hasa mnaovaa mchuchumio kazini kutwa nzima, maelezo haya yanawahusu kuliko wanaume wa siku moja. Beba viatu vya chini kwa ajili ya njiani, na uupumzishe mguu siku kadhaa katika wiki.

Viatu vikishavuliwa

Baada ya matembezi mwanaume atavua mchuchumio, ataloweka miguu na kusimulia. Kesho yake yupo kazini. Aliyefanyiwa ukatili hana cha kuvua, na saa yake inahesabu.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini, asilimia 27 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Asilimia 12 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Wavulana na wanaume nao wamo katika wanaodhalilishwa, ingawa wengi hunyamaza.

Mtu aliyebakwa anatakiwa kufika kituo cha afya haraka iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, maarufu kama PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Anapimwa kwanza, na akikutwa hana maambukizi anazimeza kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitumiwa mapema. Kuna pia kinga ya homa ya ini B na pepopunda, tiba ya magonjwa ya zinaa, na ushauri nasaha.

Kwa Kagera jambo hili lina uzito wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani hapa mwaka 1983. Tunajua gharama ya virusi hivi katika kaya zetu, na kulea yatima tunakujua.

Hebu tazama ramani ya Muleba. Wilaya hii ina visiwa kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako safari inategemea mtumbwi, upepo na nauli. Msichana akibakwa kisiwani Ijumaa saa 2 usiku, muda wake wa PEP unakwisha Jumatatu saa 2 usiku. Wazee wakikaa Jumamosi kujadili faini, familia ikasubiri ibada ya Jumapili ipite, na mtumbwi ukakosekana Jumatatu asubuhi, dawa iliyopo hospitalini haitamsaidia tena.

Kwa hiyo kabla ya kikundi kupanga tarehe na kutafuta viatu, kiende kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kiulize ni nini kinakwamisha watu kufika ndani ya saa 72. Huenda ni mafuta ya boti, nauli ya bodaboda usiku, nguo za kubadilisha kwa anayeacha zake kama ushahidi, au chakula cha mama anayemsindikiza mtoto. Michango ikielekezwa hapo, na hesabu ikatangazwa hadharani, mchuchumio utakuwa umefanya kazi.

Na wewe msomaji usisubiri matembezi. Haya yashike leo, uwaambie na wa nyumbani. Aliyebakwa asioge, asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni. Aende kituo cha afya kilicho karibu, au kituo cha huduma za mkono kwa mkono mahali kilipo. Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Akiwa ni mtoto, piga simu namba 116 bila malipo. Na kikao cha ukoo, kama lazima kiwepo, kikae baada ya dozi ya kwanza kumezwa.