Unamtunza Mzazi? Jua Nafuu ya Kodi Ilipo

Mshahara ukiingia, wengi wetu hatulali kabla ya kutuma ya nyumbani: dawa za presha za mama, nauli ya kliniki, malipo ya dada anayemsaidia kuoga. Halafu Juni ikifika, wateja hutuuliza swali lile lile: "Hizi pesa zote ninazotumia wazazi, kwani KRA haiwezi kunipunguzia kodi?"

Jibu fupi ni hapana. Nafuu ya kibinafsi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, uwe unalisha watu wanane au unajilisha peke yako. Hata nafuu ya bima, ambayo ni asilimia 15 ya unacholipa na haizidi shilingi 60,000 kwa mwaka, huangalia bima yako, ya mke au mume wako, na ya watoto wako. Ile uliyomchukulia baba haihesabiwi.

Lakini usikate tamaa bado.

Nafuu iko kwa jina la mzazi

Kama mzazi wako ana ulemavu na bado ameajiriwa au anaendesha biashara, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi hazitozwi kodi. Uzee peke yake hautoshi. Lakini mzee aliyepooza mkono baada ya kiharusi, au aliyepoteza macho, anaweza kupimwa. Hatua ni hizi:

1. Mpeleke hospitali ya serikali inayofanya tathmini ya ulemavu.
2. Asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD).
3. Aombe cheti cha msamaha kupitia iTax, kwa PIN yake ya KRA, ritani zake zikiwa sawa.

Cheti kina mwisho wake. Andika tarehe hiyo mahali utaiona, maana kikiisha, makato yanarudi.

Pia, pensheni ya kila mwezi ya aliyefikisha miaka 65 haitozwi kodi. Keti na mzee mpitie karatasi zake za pensheni. Ukiona kodi bado inakatwa, uliza wanaomlipa.

Kila shilingi inayobaki mfukoni mwake ni shilingi ambayo hutalazimika kutuma.

Na kwenye simu yako?

Taarifa ya miamala haitakupunguzia kodi, lakini inasaidia familia. Ndugu wakiona nani ametuma nini, ni rahisi kugawana mzigo bila maneno mengi.

Mwisho, jihadhari. Ukipata ujumbe kwamba umerudishiwa kodi kwa kutunza wazazi, ila kwanza utume "ada kidogo", huo ni wizi. Usitume kitu, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwetu. Mwambie na mama pia, leo ukimpigia.

Ritani zinafungwa tarehe 30 Juni. Usingoje foleni ya siku ya mwisho.