TAZARA: Reli inakarabatiwa, je, ujuzi wa wastaafu utarithiwa na nani?

Reli ya TAZARA, inayounganisha bandari ya Dar es Salaam nchini Tanzania na mji wa Kapiri Mposhi nchini Zambia, inafufuliwa. Mwezi Septemba 2025, serikali za nchi hizo mbili na kampuni ya China ya CCECC zilitia saini mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4 za Marekani. Miaka 3 ya mwanzo ni ya ukarabati, na 27 inayofuata ni ya uendeshaji.

Fedha hizo zitanunua injini na mabehewa. Haziwezi kununua ujuzi wa mafundi walioitunza reli hiyo tangu ilipojengwa, ambao wengi wao wamekwisha kustaafu.

Waliajiriwa pamoja, wakazeeka pamoja

TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli. Wengine wengi walijifunzia njiani na karakanani, wakifanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina.

Hesabu yake si ngumu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1975 alitimiza 60 mwaka 2015, na huo ndio umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wa umma nchini Tanzania. Wakati huo reli yenyewe ilikuwa hoi: katika mwaka wa fedha 2014/15 ilisafirisha takriban tani 88,000 tu za shehena, ilhali mwaka 1986 ilisafirisha tani milioni 1.2.

Shirika lililokosa mapato hupata taabu kuajiri vijana mapema, miaka kadhaa kabla ya wazee kuondoka. Chuo cha reli kipo Mpika, Zambia, lakini chuo peke yake hakitoshi ikiwa mwanafunzi anafika kazini na kukuta mwalimu wake amekwisha kwenda nyumbani.

Yasiyoandikwa katika michoro

Chukua sehemu ya Mlimba hadi Makambako, kusini mwa Tanzania. Ni kilomita 158 tu, lakini karibu asilimia 30 ya kazi zote za madaraja, mahandaki na matuta ya reli nzima zilifanyika hapo. Michoro itakuonyesha kwamba nguzo za daraja la Mpanga zina kimo cha mita 50. Haitakuonyesha ni tuta gani hulegea kwanza mvua zikizidi, wala ni wapi dereva aanze kufunga breki treni ikiwa imejaa shaba na reli zimelowa.

Ndivyo ilivyo hata kwa mashine. Injini za kwanza kutoka China hazikuwa na nguvu ya kutosha, na katika miaka ya 1980 zikaletwa nyingine za muundo wa Kimarekani zilizotengenezwa Ujerumani. Katika karakana yoyote iliyopitia mabadiliko kama hayo, viko vipuri vilivyochongwa papo hapo kwa kukosa vya asili. Fundi mzee anajua sababu. Mrithi wake akikuta kipuri hicho, hawezi kutambua kama ni kosa la kurekebishwa au ni dawa ya kosa la zamani.

Kurithisha kabla ya kuaga

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tatizo ni kwamba kustaafu kunawaondoa wazee mahali penyewe. Dawa inayofaa zaidi ni kumweka kijana kando ya mzee mwaka mmoja au miwili kabla ya tarehe ya kustaafu, si wiki ya mwisho ya kukabidhi funguo. Pia ni vyema kila hitilafu iandikwe pamoja na sababu yake na namna ilivyotengenezwa. Kwa waliokwisha kuondoka, njia iliyobaki ni kuwaita kwa mikataba mifupi wakafundishe, walipwe kwa kazi hiyo, na maelezo yao yarekodiwe wangali na afya.

Jambo hili linatuhusu pia sisi wa Burundi. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati. Kama ilivyokuwa TAZARA, huenda wengi wa mafundi wake wa kwanza wakaajiriwa kwa mkupuo mmoja, na wakifanya hivyo watastaafu kwa mkupuo mmoja. Njia ya kulikwepa pengo hilo ni kuajiri kwa awamu tangu siku ya kwanza, ili kila kizazi kikute kingine kazini.